Watoto wa mgonjwa wa baridi yabisi tupimwe kabla hatujaumwa?

Mtoto wa Kati

Mama yetu ana baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo, si ile ya magoti kusagika kwa umri. Huu ni mwaka wa 11. Vidole vyake vimelala upande, na asubuhi hupita saa nzima kabla hajaweza kufunga kifungo. Wiki iliyopita daktari wake alituambia kwamba sisi watoto tukitaka tunaweza kutoa damu, iangaliwe kama ina kingamwili za anti-CCP, yaani zile zinazougeukia mwili wenyewe, kwa kuwa kwa wengine huonekana miaka kadhaa kabla kiungo cha kwanza hakijauma.

Tuko watatu. Kaka alikunja mkono wa shati palepale. Mdogo wetu wa kike aliinuka akatoka. Tangu siku hiyo hawasemezani, salamu zao napeleka mimi.

Nawauliza mliolelewa na mzazi mwenye ugonjwa huu, au wenye ndugu anayeumwa: ungetaka kujua? Mimi asubuhi nataka, jioni sitaki.

Chonjo

Sioni cha kujadili. Baba yangu anaumwa mwaka wa sita. Nimepima, sina, nalala usingizi. Mdogo wako ni mwoga, na umwambie nimesema mimi. Anayekataa kupima leo, kesho ataangukia mikononi mwa wale wale waliomsihi.

Mzee wa Pembeni

Wanangu, mnatishana bure. Jina lenyewe linasema: baridi yabisi. Ni baridi imeingia kwenye viungo. Mtu akishika maji ya baridi alfajiri miaka thelathini, vidole vitamlipa nini? Vaeni vizuri, acheni kukanyaga sakafu miguu mitupu. Damu ya nini? Na tukizeeka viungo vitatuuma sote.

Bibi Shungi

Mzee wangu, shikamoo. Nakujibu kwa heshima, lakini nakujibu.

Mimi ndiye mgonjwa. Hiyo "ni baridi" niliisikia miaka miwili mizima. Nilivaa soksi. Niliacha maji ya baridi. Nilijifunga vitambaa vya moto, nikasuguliwa mafuta, nikaambiwa ni uchovu wa uzazi kwa sababu mwanangu wa pili alikuwa bado mchanga. Nilikuwa na miaka 34, mzee wangu, uzee gani? Miaka hiyo yote miwili kifundo cha mkono wangu wa kulia kilikuwa kinaliwa. Utando wa ndani ya kiungo huvimba, ukishavimba hula gegedu, ile nyama laini inayofunika ncha za mifupa, ukimaliza gegedu huanza mfupa. Kilicholiwa hakirudi. Dawa ninayokunywa sasa imezuia vilivyobaki, na kile kifundo kimebaki hakikunji.

Na haukai kwenye viungo peke yake. Hukausha macho, huingia mapafuni, na moyo wa mgonjwa uko hatarini kuliko wa mwenzake asiyeumwa. Usiwaambie watoto wa watu kwamba ni baridi.

Mzee wa Pembeni

Pole sana binti yangu. Sikukusudia kukuumiza. Lakini jina sikulitunga mimi.

Msomi wa Jioni

Mzee kagusa jambo, hata kama hakulikusudia. Jina hili limetuharibia mengi. "Yabisi" ni kavu, neno la Kiarabu. Baridi na ukavu ni katika tabia nne ambazo matabibu wa kale walizitumia kueleza kila ugonjwa: joto, baridi, unyevu, ukavu. Kwa hiyo kila tukisema "baridi yabisi" tunarudia uchunguzi wa kale sana, halafu tunashangaa watu wakienda kununua soksi. Mimi napendekeza tuseme rumatoidi, basi.

Dada Mkubwa

Na rumatoidi nayo imetoka wapi? Kwa Wagiriki, "rheuma", maana yake mtiririko, walidhani kuna maji mabaya yanashuka mwilini na kutuama kwenye viungo. Alfred Garrod wa Uingereza akalitia kwenye jina la ugonjwa huu mwaka 1859, likaganda. Utabadilisha kosa la Waarabu kwa kosa la Wagiriki? Mama yangu alikufa akiuita "ugonjwa wangu". Alijua alichokuwa anasema na sisi tulimwelewa.

Msomi wa Jioni

Sikusema Wagiriki walikuwa sahihi. Nimesema neno likimpeleka mgonjwa kwenye soksi badala ya kwa daktari, neno hilo lina lawama. Rumatoidi angalau haimwambii mtu kitu cha uongo, kwa sababu haimwambii kitu.

Dada Mkubwa

Neno lisilomwambia mgonjwa kitu ndilo linalomtia hofu zaidi. Muulize aliyewahi kupewa karatasi yenye jina asiloweza kulitamka.

Kidole Tumbo

Tumetoka kwenye swali. Mimi niliwahi kusoma mahali kwamba kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiupata mwingine lazima aupate. Kama ni hivyo basi ni wa kurithi moja kwa moja, na kupima ni kupoteza muda, mngeangaliana sura tu mkajua nani kafanana na mama.

Nesi wa Zamu

Ndugu Kidole Tumbo, hapana. Kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwingine huugua kwa kama 15 katika 100. Wana jeni zile zile zote, wamekaa tumbo moja, na bado wengi wa wale wenzao hawaugui. Hiyo peke yake ituambie kwamba jeni ni sehemu tu ya habari.

Ipo jeni inayotajwa sana, HLA-DRB1. Aina zake fulani huongeza hatari, lakini watu wengi wazima kabisa wanazo. Mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa yuko hatarini kama mara mbili hadi tano kuliko mtu mwingine. Inatisha ukiisikia hivyo. Sasa kumbuka kwamba katika watu wote ugonjwa huu humpata kama mmoja katika 100, au pungufu. Zidisha hata mara tano, bado watoto wengi wa wagonjwa watazeeka bila kuupata.

Kingamwili ni habari nyingine. Uholanzi walichukua damu za akiba za watu waliowahi kuchangia damu wakiwa wazima, kisha baadaye wakaugua. Karibu nusu yao kingamwili zilikuwa tayari zimo, kwa kawaida miaka minne au mitano kabla ya dalili, na kwa mmoja mmoja hadi miaka 14. Ndiyo maana daktari wa mama yenu anasema kuna cha kuangalia. Lakini isome namba hiyo na upande wa pili: nusu nyingine hazikuwamo. Na hata miongoni mwa wanaoumwa tayari, wapo ambao anti-CCP yao haionekani kamwe.

Kaka Chonjo, kwa hiyo jibu lako la "sina" ni la siku ile uliyotoa damu. Si cheti cha maisha.

Chonjo

Wewe nesi nilikuuliza? Mtu kasema analala usingizi, wewe unakuja kumwamsha. Nilipima, nikaambiwa hakuna, karatasi ninayo. Sasa mnataka nirudi kila mwaka kama anayetafuta ugonjwa?

Nesi wa Zamu

Sijasema urudi kila mwaka. Kwa mtu asiye na dalili sioni sababu ya kurudia rudia. Nimesema tu usimwite dada wa mwenzako mwoga kwa karatasi isiyobeba uzito ule unaoudhani.

Sauti ya Pili

Hilo la woga na mimi limenichoma. Angalieni ugonjwa wa Huntington, ule wa kurithi unaoharibu ubongo. Jeni yake ilipatikana mwaka 1993, na kipimo chake kinasema wazi: unayo au huna. Ukiwa nayo kamili na ukaishi umri wa kutosha, utaugua. Na bado wengi wa watoto wa wagonjwa wake wameamua kutopima. Nancy Wexler, mwanasayansi aliyeongoza kazi iliyoitafuta jeni hiyo, mama yake alikufa kwa ugonjwa huo, na yeye mwenyewe hakupima. Huyo naye mwoga?

Kule jibu ni ndiyo au hapana na watu wanalikataa. Huku jibu ni "huenda", halafu mnamtukana binti anayesema hataki kuishi na "huenda".

Chonjo

Huntington haina dawa. Huku dawa zipo.

Sauti ya Pili

Zipo za ugonjwa. Za kuuzuia usianze ziko wapi?

Mpigambizi

Hapo ndipo nilipozama mwezi mzima baada ya dada yangu kuugua, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo.

Methotreksati, dawa ya kawaida ya ugonjwa huu, wamejaribu kuwapa watu walio pembezoni mwa ugonjwa, haikuuzuia, ingawa maumivu na uvimbe vilipungua. Haidroksiklorokwini wamejaribu Marekani kwa watu wenye anti-CCP ya juu, jaribio likasimamishwa mapema kwa kuwa hakukuwa na tofauti. Ritukzimabu, dozi moja, ilichelewesha tu. Iliyofanya vizuri ni abatasepti, Uingereza na Uholanzi, matokeo yalitoka 2024. Watu 213 wenye kingamwili na maumivu ya viungo lakini bado bila uvimbe. Nusu walichomwa sindano ya dawa kila wiki kwa mwaka, nusu sindano tupu. Mwaka ulipokwisha, waliougua katika kundi la dawa walikuwa 6 katika 100. Katika kundi lingine, 29 katika 100.

Nilipolisoma hilo niliruka. Kisha nikasoma mbele: sindano zikaachwa, na mwaka wa pili ulipokwisha ilikuwa 25 katika 100 kwa waliopata dawa, 37 kwa wengine. Pengo lilikuwa linajifunga lenyewe.

Na hao walikuwa na maumivu tayari. Mtoto wa mgonjwa asiyeumwa popote hajafika hata kwenye mlango wa jaribio lile. Kwa hiyo akipimwa, akaambiwa kingamwili zimo, atapewa nini? Ataambiwa aje akisikia chochote. Kila akiamka kidole kizito atakaa kitandani anakihesabu. Nimemwona dada yangu mwingine akifanya hivyo, hakuwa mgonjwa, lakini mikono yake alikuwa haishushi machoni.

Mtoto wa Kati

Mpigambizi, hicho ndicho anachokisema mdogo wangu. Anasema, "Nikipewa jibu, kila nikiangusha kijiko nitajua ni nini." Kaka naye anasema akiambiwa zimo ataacha sigara siku hiyo hiyo.

Nesi wa Zamu

Anavuta?

Mtoto wa Kati

Tangu shule.

Nesi wa Zamu

Basi mmekuwa mnaongea damu siku zote hizi na jambo lenyewe lilikuwa mfukoni mwake. Sigara ni katika vichocheo vya nje vinavyojulikana zaidi kwa ugonjwa huu, na akiwa na zile aina za HLA-DRB1 nilizotaja, viwili hivyo hupandishana. Kuacha hakuhitaji maabara. Na ufizi wake nao autunze, ugonjwa wa fizi umekuwa ukionekana pamoja na kingamwili hizi.

Sasa nikuulize: akiambiwa hazimo, ataendelea kuvuta?

Dada Mkubwa

Nesi, usimhukumu kijana. Wako watu ambao hawasogei mpaka waone jina lao limeandikwa. Boston waliwahi kuwafanyia utafiti ndugu 238 wa wagonjwa, wengine wakapewa maelezo ya jumla, wengine wakapewa hatari yao wenyewe, na jeni na kingamwili zao ndani yake. Waliopewa ya kwao ndio waliokuwa tayari zaidi kubadili mwenendo, sigara ikiwemo. Maneno ya jumla hupita juu ya kichwa. Mama aliniambia "jitunze" miaka ishirini, sikujua nijitunze na nini.

Nesi wa Zamu

Nakubali hilo. Ila na mimi nimekaa na watu waliopewa jibu zuri wakatoka wakiwasha sigara.

Chonjo

Niseme kitu kimoja kisha ninyamaze, maana tangu jana nesi kanitibua na sijalala kweli.

Sikujipeleka mimi kupima. Mchumba wangu alimwona baba akishindwa kufungua mlango, akaniuliza, "Wewe nawe utakuwa hivi?" Nikasema sijui. Akasema tujue kwanza. Nikapima. Nilipotoka na ile karatasi nilimpelekea mbio, akaisoma mara mbili, tukaendelea na mipango. Mnaponiambia leo kwamba ile karatasi haisemi nilichodhani inasema, mimi nitamwambia nini?

Dada Mkubwa

Ewe mwanaume. Umemwita binti wa watu mwoga, kumbe wewe ulipimishwa.

Kidole Tumbo

Mwacheni. Mchumba ana haki ya kujua.

Dada Mkubwa

Haki ya kujua nini? Kwamba mtu anaweza kuugua? Huyo mchumba yeye kapimwa nini? Wanawake huupata ugonjwa huu mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Ukifuata hesabu hiyo, Chonjo ndiye angeomba karatasi.

Kidole Tumbo

Mimi ningetaka kuambiwa. Mke wangu angejua kabla ya watoto ningemlaumu asiponiambia. Nasikia hizo dawa na mimba haviendi pamoja, hilo nalo si la kuficha.

Nesi wa Zamu

Methotreksati haiendi na mimba, kweli, huachwa mapema kabla ya kushika mimba. Zipo nyingine zinazotumika. Wagonjwa wa baridi yabisi wanazaa na kulea. Tusiwafunge watu uzazi kwa nusu ya habari.

Mpigambizi

Leo mchumba, kesho bima. Marekani walitunga sheria mwaka 2008 ya kuzuia waajiri na bima ya afya kumbagua mtu kwa jeni zake, lakini bima ya maisha haikuingia. Kanada walitunga ya kwao 2017. Na jeni ni kitu kimoja, kingamwili ni kingine, sheria ya jeni hailindi kila kinachosomwa kwenye damu. Karatasi ikishaandikwa inaishi kwenye faili lako. Chonjo aliipeleka kwa mapenzi, mwingine ataombwa kwa lazima.

Sauti ya Pili

Na mdogo wake Mtoto wa Kati naye ataulizwa: "Kaka yako kapima, wewe unaficha nini?"

Bibi Shungi

Nimesoma yote, nimesoma na kupumzika kwa sababu mkono huu hauendi mbali.

Chonjo mwanangu, mwambie mchumba wako ukweli wote, na umpeleke akae na baba yako siku nzima. Akimwona baba saa ya kufungua mlango tu, ameona ugonjwa. Akikaa mpaka jioni ataona mtu.

Nina mabinti wawili. Mkubwa ana tabia: tukikaa, hunishika mikono, kisha hufungua ya kwake na kuitazama. Anadhani sioni. Sijawahi kumwambia akapime na sijawahi kumkataza. Ninachokiogopa si kipimo. Naogopa siku atakaponiletea jibu baya, nami nitalazimika kulipokea kana kwamba nimempa. Mnasema haki ya ndugu kujua, haki ya mchumba, haki ya bima. Na mimi je? Jibu la mwanangu ni habari yangu pia.

Mtoto wa Kati, mlimuuliza mama yenu?

Mtoto wa Kati

Hapana. Tulibishana mbele yake.

Bibi Shungi

Muulizeni.

Msomi wa Jioni

Mama, samahani kwa yale mabishano ya maneno pale juu. Yalikupita wewe mwenyewe ukiwa umekaa hapo.

Bibi Shungi

Hayakunipita. Ningepewa jina lisilo na baridi ndani yake, huenda miaka ile miwili ingekuwa mmoja.

Mtoto wa Kati

Nimerudi. Nilimuuliza mama jana usiku, tukiwa wawili.

Kwanza alisema, "Mlikuwa mnagawana mikono yangu na mimi nipo." Nikamwomba radhi. Kisha akanisimulia kitu ambacho hakuwahi kukisema: mama yake mkubwa alikuwa na vidole vya kupinda, na wao watoto walikuwa wakimcheka. Hakuna aliyejua ni ugonjwa. Yake ilipoanza, hakukumbuka vile vidole mpaka alipoona vya kwake vimechukua njia ile ile.

Nikamuuliza, ungetaka kuambiwa mapema? Akasema kabla ya kuumwa, hapana, alikuwa na furaha zake. Ila siku ile ya kwanza viungo vilipovimba angetaka kuwe na mtu mmoja nyumbani anayejua ni nini, amkimbize.

Nikampelekea mdogo wangu maneno hayo. Bado hapimi. Lakini amenitaka nimwandikie dalili zote, na nimemwandikia nilivyojifunza hapa: kukakamaa asubuhi kunakozidi nusu saa, uvimbe wa viungo vidogo vya vidole na vifundo, mara nyingi pande zote mbili, maumivu ukimbana mtu kiganja kama unamsalimia. Kaka ametoa damu. Amesema jibu likitoka hatamwambia mtu, hata mimi. Juzi alikuwa anamcheka mdogo wetu kwa kukataa kujua.

Chonjo

Niombee radhi kwa mdogo wako.

Mzee wa Pembeni

Nesi, nina swali, na msinicheke.

Mke wangu asubuhi vidole havikunji. Ni tangu mwaka jana. Mimi ndiye niliyemwambia aache maji ya baridi, na ameacha, na bado.

Nesi wa Zamu

Mzee, hakuna wa kukucheka. Hukakamaa kwa muda gani? Na kuna uvimbe?

Mzee wa Pembeni

Mpaka jua linapopanda. Uvimbe upo, pete ameivua, haiingii.

Nesi wa Zamu

Mkono mmoja au yote miwili?

Mzee wa Pembeni

Yote miwili.

Nesi wa Zamu

Mpeleke wiki hii. Usisubiri mwezi uishe. Mwambie daktari hayo hayo uliyoniandikia, na la pete usilisahau. Hapa si suala la kubashiri tena, ni la kutibu, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa.

Bibi Shungi

Nenda naye mwenyewe, mzee wangu. Mimi nilikwenda peke yangu, nikashindwa kufungua mlango wa daktari.